Pacha wangu wa kike ni mnene kuliko mimi, ila kisukari kimenipata mimi. Ni jinsia au ni bahati?

Doto_Mwembamba ameuliza:

Wakuu, salaam. Naomba wenye ujuzi wanifafanulie jambo ambalo daktari alinijibu juu juu kisha akaita mgonjwa mwingine.

Nina pacha wa kike. Tumekua pamoja, tumekula chungu kimoja mpaka kila mtu alipoanza maisha yake, na kama kuna anayependa vitamu zaidi basi ni yeye. Kwenye mizani ananizidi, na kwa kuwa ni mfupi kuliko mimi, BMI yake (uzito ukilinganishwa na urefu) iko juu zaidi: yeye 33, mimi 27. Tuna miaka 44. Juzi nilienda kupima kwa sababu ya kiu isiyoisha na kuamka usiku kwenda kukojoa, nikakutwa na HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, ya asilimia 8.1. Nikaambiwa ni kisukari aina ya pili. Nikamlazimisha naye akapime, yake ikatoka 5.6.

Sasa imekuwa kero. Kila akipiga simu ananiambia, "Kongosho langu ni la kike kaka, halitishwi." Nina maswali mawili. Kuna ukweli wowote kwamba kongosho la mwanamke linafanya kazi tofauti na la mwanamume? Na kama upo, ndiyo tuseme yeye kasalimika?

Tafadhali msiniambie nipunguze kula na nifanye mazoezi. Hilo nimeshaambiwa na kila mtu.

---

Mzee_wa_Hoja:

Pole sana mkuu. Jinsia haihusiki hapo. Pacha wa kike na wa kiume ni ndugu wa kawaida tu waliopanga chumba kimoja kwa miezi tisa. Mnashirikiana kama nusu ya vinasaba. Wewe umerithi vibaya, yeye karithi vizuri. Kisukari hakichagui.

---

Sista_wa_Kliniki:

Mzee wa Hoja, la undugu nakubaliana nawe. La kwamba kisukari hakichagui, hapana.

Nimefanya kazi kliniki ya kisukari miaka mingi, na wanaume wa umri wa Doto wenye vitambi vya kawaida tu huwa wanafika kabla ya dada zao. Takwimu kubwa zinasema hivyo hivyo. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba asilimia 10.8 ya wanaume wa miaka 20 hadi 79 duniani wana kisukari, na wanawake ni asilimia 10.2. Pengo linaonekana dogo mpaka ukumbuke kwamba wanawake ndio wengi zaidi kwenye unene uliopitiliza. Yaani wao wana uzito, sisi tunaandika majina ya waume zao. Uskoti walichambua rejista yao ya wagonjwa wa kisukari, matokeo yakachapishwa 2011: wanaume walikuwa wakigundulika na BMI ya wastani wa 31.8, wanawake 33.7, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa walio na umri mdogo. Kwa hiyo Doto, 27 yako na 33 ya dada yako si muujiza.

Sababu ya kwanza ni mahali mafuta yanapokaa. Mwanamume akinenepa, mafuta hukimbilia ndani ya tumbo, yakazunguka utumbo na kujaa kwenye ini. Mwanamke ambaye bado anaona siku zake huyahifadhi zaidi chini ya ngozi, mapajani na makalioni, ambako hayaleti fujo kubwa. Wanaume huniambia, "Sista, mimi sijanenepa, suruali ni saizi ile ile tangu nioe." Namwambia asimame. Mkanda uko kwenye tundu lile lile kweli, ila siku hizi anaufunga chini ya tumbo, na tumbo lenyewe limeshaupita na kuning'inia mbele yake. Futi ya kupimia inapita usawa wa kitovu, si pale penye mkanda. Ini lililojaa mafuta huacha kuisikiliza insulini, homoni inayoshusha sukari, likaendelea kumwaga glukosi kwenye damu usiku kucha wakati mtu hajala kitu. Ndiyo maana kwa wanaume wengi sukari ya asubuhi kabla ya kula ndiyo inayoanza kupanda.

Sababu ya pili iko kwenye kongosho lenyewe, na hapa dada yako hajakosea sana. Zile seli beta zinazotengeneza insulini, zilizo kwenye visiwa vya Langerhans, zina vipokezi vya estrojeni, homoni ambayo wanawake wanayo kwa wingi zaidi. Mwaka 2006 kundi la Franck Mauvais-Jarvis, ambaye baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Tulane huko Marekani, lilichapisha jaribio la panya walioondolewa uwezo wa kutengeneza estrojeni. Walipopewa streptozotosini, sumu inayoua seli beta, seli zao zilikufa na wakapata kisukari, majike kwa madume. Waliporudishiwa estrojeni, seli zilistahimili. Kumbuka madume pia hutengeneza estrojeni kidogo kutokana na testosteroni, kwa hiyo si homoni ya wanawake peke yao.

Kuna kichekesho humo. Kwa miaka mingi maabara nyingi zilifanya majaribio ya kisukari kwa panya dume tu, kwa sababu majike walikuwa "wanaharibu" jaribio kwa kukataa kuugua. Hilo la kukataa kuugua ndilo lilikuwa la kuchunguzwa! Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilianza kudai mwaka 2016 kwamba anayeomba fedha za utafiti aeleze amezingatiaje jinsia.

Na Mzee wa Hoja, kwa kuwa unapenda vinasaba, chukua hiki. Kuna kinasaba kinachoitwa MAFA, kinachoziongoza seli beta zikomae na kutoa insulini. Mwaka 2018 ilichapishwa habari ya familia zenye kasoro moja ile ile kwenye kinasaba hicho. Ndani ya familia hizo, waliopata kisukari walikuwa zaidi wanaume. Wanawake wao zaidi walipata vivimbe vingi vidogo kwenye kongosho vinavyomwaga insulini hovyo, wakawa wanaanguka kwa sukari kushuka. Kasoro ni moja, damu ni moja, na magonjwa yanapingana. Baadaye kasoro hiyo ikawekwa kwa panya, na huko nako madume yakapandisha sukari, majike yakashusha.

Swali lako la pili: hapana, hajasalimika. Kachelewa tu. Ana miaka 44. Hedhi ikikoma, estrojeni inashuka, mafuta yanaanza kuhamia tumboni kama ya kwako, na ile nafuu inapungua mwaka hadi mwaka.

Tena kuchelewa kwenyewe kuna gharama, na hapa ndipo wanawake wengi wanapoumizwa. Mwanamke anafika kwenye kisukari akiwa amebeba uzito mwingi zaidi, na amekaa muda mrefu zaidi na presha inayopanda na lehemu mbaya, huku kila mtu akimwambia yuko salama. Uchambuzi wa mwaka 2014 ulijumuisha tafiti 64 zenye watu zaidi ya laki nane na nusu: kiwango ambacho kisukari huongeza hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kilikuwa kikubwa kwa asilimia 44 kwa wanawake kuliko wanaume. Kwenye kiharusi, asilimia 27. Mwambie hayo akikupigia simu.

---

Mzee_wa_Hoja:

Sista, hiyo ya MAFA sikuwahi kuisikia. Nanyamaza kidogo nisome.

---

Mama_Wawili:

Sista naomba kuuliza. Kama estrojeni inalinda kongosho, kwa nini tusipewe vidonge tu tukifika ukomo wa hedhi?

---

Sista_wa_Kliniki:

Mama Wawili, swali zuri, na lilishajaribiwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulitoa matokeo mwaka 2004: waliotumia estrojeni pamoja na projestini (dawa inayofanya kazi kama homoni ya projesteroni) walipata kisukari kipya kwa asilimia 21 pungufu ya waliopewa vidonge bandia. Ila utafiti huo huo ulionyesha damu kuganda, viharusi na saratani ya matiti vikiongezeka kwa wale waliotumia mchanganyiko huo. Kwa hiyo dawa hizo hutolewa kwa mwanamke anayeteswa na joto la mwili na kukosa usingizi, baada ya kupimiwa hatari zake. Kinga dhidi ya kisukari ikija ni nyongeza. Hakuna anayeandikiwa kwa ajili hiyo.

---

Binti_Insulini:

Mjadala mzuri. Mimi ni aina ya kwanza tangu utotoni, kwa hiyo kongosho langu la kike halikunilinda hata kidogo, lilishambuliwa na kinga ya mwili wangu mwenyewe. Na hapo pana kitu cha ajabu: magonjwa mengi ya aina hiyo, ambayo kinga huushambulia mwili, huwapata wanawake zaidi. Kisukari aina ya kwanza hakifuati mkumbo. Utotoni wavulana na wasichana wanakaribiana, na baada ya kubalehe wanaume ndio wanaozidi. Halafu ukienda kwa wale panya maarufu wa NOD wanaotumika kuchunguza ugonjwa wangu, ni majike ndio wanaougua sana. Kwa hiyo mtu akinisomea habari ya panya naomba aniambie kwanza ni panya gani.

Nilichotaka kusema lakini ni kuhusu hedhi, kwa sababu hakuna anayeizungumzia. Navaa kihisi cha sukari mkononi. Siku chache kabla ya hedhi, chakula kile kile na dozi ile ile, mstari kwenye simu unapanda jioni na kukataa kushuka. Naamka na sukari ya 12 au 13 (mmol/L) wakati wiki moja nyuma nilikuwa naamka na 7. Naongeza insulini, inanywewa kama maji. Kisha damu inaanza kutoka, na ndani ya siku moja mwili unarudi kusikiliza. Nikisahau kurudisha dozi chini, kengele ya sukari kushuka inaniamsha usiku, shuka zimelowa jasho. Ni homoni za nusu ya pili ya mzunguko, projesteroni ikiwa juu, ndizo zinazoupunguzia mwili utii kwa insulini. Si wanawake wote wanaoliona hili, na wanaoliona hawafanani.

Nilikemewa kwa muda mrefu kwamba nakula kwa kujiiba. Siku nilipoandika tarehe za hedhi juu ya grafu nikaipeleka kliniki, mazungumzo yakabadilika. Sasa nina mipango miwili ya insulini ya msingi, tuliyokubaliana na daktari, na nahama kutoka mmoja kwenda mwingine kwa kalenda. Dada yeyote anayetumia insulini na haelewi sukari yake, aanze kwa kuweka tarehe.

---

Babu_wa_Sindano:

Wajukuu, niongeze upande wa wazee. Mnasema estrojeni, estrojeni. Mimi nilipata saratani ya tezi dume, nikawekwa kwenye sindano za kuzima testosteroni. Saratani ilitulia, namshukuru Mungu. Lakini tumbo likaota, misuli ya miguu ikaisha, na sukari ambayo sikuwahi kuwa nayo ikaingia. Niliuliza kama vinahusiana, nikajibiwa "ni umri, mzee." Kweli ni umri?

---

Sista_wa_Kliniki:

Shikamoo babu, na pole kwa safari hiyo. Umri upo, lakini sindano nazo zina sehemu yake. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa wanaume wazee wenye saratani ya tezi dume: waliopewa dawa za aina hiyo walikuwa na hatari ya kupata kisukari iliyoongezeka kwa asilimia 44. Usiziache kwa sababu hiyo, babu; saratani ndiyo adui mkubwa hapo. Ila uliyekuwa unamuuliza alipaswa kukupima sukari tangu mwanzo na kila baada ya muda.

Testosteroni ni homoni yenye nyuso mbili kwenye ugonjwa huu. Kwa mwanamume, ikipungua sana, kisukari kinakaribia, na seli beta zake zina vipokezi vyake pia. Kwa mwanamke ni kinyume: ikizidi, kama kwa wenye PCOS, ile hali ya ovari kuwa na vifuko vingi, hedhi kupotea na ndevu kuota, mwili unaikataa insulini mapema, hata akiwa binti mdogo. Binti wa hivyo hana ule unafuu wa kike tunaousema hapa, na anastahili kupimwa bila kusubiri afike miaka 40.

Najua kuna mwanaume anasoma hapa na kuanza kutafuta testosteroni ya kujidunga. Australia waliijaribu kwa wanaume zaidi ya 1,000 wa miaka 50 hadi 74 wenye unene, testosteroni yao ikiwa chini kiasi, wote wakiwa kwenye mpango wa lishe na mazoezi. Matokeo yalitoka 2021: baada ya miaka miwili asilimia 12 ya waliodungwa testosteroni walikuwa na sukari ya kiwango cha kisukari, dhidi ya 21 ya waliodungwa dawa bandia. Ni matokeo makubwa. Lakini damu za baadhi yao zilikuwa nzito mno kwa wingi wa chembe nyekundu, na walikuwa wanafuatiliwa kwa karibu. Mtu wa kujinunulia hafuatiliwi na yeyote.

---

Doto_Mwembamba:

Sista, asante sana, na wengine wote. Nimempigia pacha wangu nikamsomea yale ya moyo na kiharusi. Akanyamaza, kitu ambacho si kawaida yake. Halafu akaniambia kwamba kwenye mimba yake ya mwisho aliambiwa ana "sukari ya mimba", akapewa masharti ya chakula, na alipojifungua ikaisha. Hakuwahi kuniambia. Hakuwahi kurudi kupima pia, mpaka nilipomlazimisha juzi. Hii inabadilisha chochote?

---

Sista_wa_Kliniki:

Inabadilisha karibu kila kitu, Doto.

Mimba ni mtihani ambao kongosho la mwanamume halifanyi kamwe. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama uikatae insulini ili glukosi imfikie mtoto. Kongosho linajibu kwa kuongeza seli beta na kuzifanyisha kazi zaidi. Kadiri mimba inavyokua, kiasi cha insulini kinachohitajika kinaweza kufika mara mbili au zaidi. Wanawake wengi wanavuka bila hata kujua. Ambaye sukari yake inapanda ni yule ambaye kongosho lake limefika mwisho wa uwezo. Akijifungua, kondo linatoka, mzigo unashuka, vipimo vinakuwa safi, na kila mtu anasema imeisha. Kilichoisha ni mzigo. Uwezo wa kongosho umebaki pale pale.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2009 ulikuta aliyewahi kupata sukari ya mimba ana hatari ya kisukari aina ya pili zaidi ya mara saba ya mwenzake ambaye hakuipata. Ule wa 2020 ulikaribia mara kumi. Ilitakiwa apimwe wiki chache baada ya kujifungua, kisha arudi kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu maisha yake yote. (Mtoto wa mwisho ni wa kiume? Watafiti wa Toronto waliona mimba ya mtoto wa kiume inaongeza hatari ya sukari ya mimba kidogo sana. Namuuliza kwa udadisi wangu tu, haibadilishi matibabu.)

Sasa hiyo 5.6 yake. Kwa vigezo vya Marekani, hatua ya kabla ya kisukari inaanzia 5.7. Anajivunia nukta moja. Na HbA1c inapima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu. Mwanamke anayepoteza damu nyingi kila mwezi chembe zake nyingi ni changa, hazijakaa muda wa kutosha kuokota sukari, kwa hiyo kipimo kinaweza kusoma chini ya ukweli. Akiwa na upungufu wa madini ya chuma kinaweza kupotoka kwenda juu. Muulize hedhi yake ikoje, apimwe na wingi wa damu.

Kipimo kinachomfaa ni kile cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa baada ya saa mbili. Wanaume wengi hukamatwa na sukari ya asubuhi. Wanawake wengi asubuhi yao ni nzuri na tatizo linajificha baada ya kula. Wapo wanaosema sehemu ya tofauti hiyo ni urefu tu, kwa sababu gramu 75 anapewa jitu na anapewa mfupi sawasawa. Huenda, lakini kwa mwenye historia yake nisingebishana na matokeo.

Na wewe usijifiche nyuma ya pacha wako. Je, umepungua kilo bila kukusudia kabla ya kugundulika? Kama ndiyo, mwombe daktari akupime kingamwili za GAD, ambazo ni dalili kwamba kinga ya mwili inalishambulia kongosho, maana watu wazima nao hupata aina ya kwanza, na kama Binti Insulini alivyosema, wanaume ndio zaidi. Kama hukupungua, pima kiuno. Kwenye kitovu, bwana Mwembamba.

---

Doto_Mwembamba:

Sijapungua hata kilo moja. Kiuno nimepima sasa hivi, kitovuni, sentimita 101. Suruali yangu inasema 86.

Dada amekubali kwenda Jumatatu, kwa sharti nimsindikize. Mtoto wa mwisho ni wa kiume, kweli. Anauliza kama hayo maji ya glukosi anaweza kuyaongeza limau, maana amesikia yanatapisha.

---

Sista_wa_Kliniki:

Asiongeze kitu chochote. Maabara nyingine wanayo yenye ladha tayari, aulize pale pale. Asile kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili kabla, maji matupu ruksa. Ayanywe yote ndani ya dakika tano, kisha akae chini mpaka saa mbili ziishe. Asizunguke kununua vitu, asivute sigara. Akitapika, kipimo kimeharibika na itabidi apangiwe siku nyingine.